Kisu cha kukunja chenye kengee nyingi: mwongozo kamili wa kukijua, kukichagua na kukitunza katika hewa ya chumvi

Mnunuzi akishikishwa kisu cha kukunja, jambo la kwanza analofanya ni kuhesabu kengee, zile bapa zinazokata. Muuzaji naye anajua hivyo, kwa hiyo huzifungua zote kwa mpigo mmoja na kukiweka kisu juu ya meza kikiwa kimetanuka. Kengee nne zinaonekana kuwa na thamani kuliko mbili, na sita kuliko nne. Mwongozo huu unakuomba uache hesabu hiyo. Kifunge kisu, kigeuze mgongo juu, uhesabu springi. Hapo ndipo utajua kengee zipi zina nafasi yake, zipi zimebanwa, na kisu kitaishi vipi miaka mitano ijayo mfukoni mwa mtu anayevuka maji kila siku kati ya Lamu na Manda.

Ninaandika kwa ajili ya watu wa huku: mvuvi anayekata mshipi, fundi wa milango anayesafisha kona za nakshi, mwenye punda anayetaka kukata kamba ya shogi iliyokaza, na mtu wa kawaida anayemenya embe barazani. Kila mmoja ana kisu chake kinachomfaa, na mara nyingi si kile chenye kengee nyingi zaidi.

Sehemu za kisu

Tuanze na mwili, kwa sababu bila majina haya maelezo yote ya mbele hayatashika.

Kengee ni ile sehemu inayokata. Sehemu yake ya nyuma, isiyo na makali, inayoingia ndani ya mpini na kutobolewa tundu, ni msuka. Msuka huzunguka juu ya ribiti, yaani msumari mfupi uliogongwa ncha zote mbili. Chini ya msuka, upande wa makali, kuna kinundu kidogo kinachoegemea springi kengee ikifungwa. Hicho ni kisigino, na kazi yake ni kuzuia makali yasigonge springi. Kengee huwa na mfuo mwembamba ubavuni wa kuingiza ukucha wakati wa kufungua.

Springi ni ufito wa chuma cha kunesa unaolala mgongoni mwa mpini. Huu ndio moyo wa kisu cha aina hii. Visu hivi vya jadi havina kufuli. Kengee inakaa wazi kwa sababu springi inaugandamiza msuka, basi. Pembeni kuna mabamba mawili, mara nyingi ya shaba ya manjano, yanayozifunika springi kulia na kushoto. Juu ya mabamba kuna vibao vya mpini, viwe vya mfupa, pembe, mti au plastiki ngumu. Na kwenye ncha za mpini kuna noleo, kipande cha chuma kinene kinachoilinda ribiti ya kengee. Noleo la visu vizuri hutengenezwa kwa nikeli silva, mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli ambao kwa jina lake unaonekana una fedha lakini hauna. Faida yake kwetu ni kwamba haushiki kutu nyekundu.

Sasa angalia msuka wenyewe umechongwaje, kwa sababu hapo mafundi wa zamani walitofautiana. Msuka ukichongwa mraba, kengee itasimama katikati ya safari, kwenye pembe ya nyuzi 90, kisha ndiyo iendelee. Kituo hicho cha nusu hukupa nafasi ya kuhamisha vidole kabla kengee haijafunga. Msuka ukichongwa mviringo, kengee huteleza moja kwa moja hadi mwisho. Wapo wanaopenda mteremko huo laini. Mimi namshauri mtu wa baharini, mwenye mikono yenye maji, achukue msuka wa mraba.

Geuza mgongo, hesabu springi

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye siri yote.

Namna rahisi kabisa ya kutengeneza kisu cha kengee mbili ni kuzitundika zote upande mmoja wa mpini, kila moja na springi yake, na katikati yao kutia bamba la tatu la kuzitenganisha. Ukikiangalia kisu hicho mgongoni utaona mistari miwili ya springi na mstari mwembamba wa shaba kati yake. Kila kengee inakaa katika chumba chake, imenyooka, haigusani na jirani. Springi nayo imeshikwa kwa ribiti mbili, mwishoni na katikati, ikabaki na mkono mmoja mrefu wa kunesa. Muundo huu ni mnene mfukoni, lakini ni imara kuliko yote.

Namna ya pili ni kuziweka kengee ncha tofauti za mpini juu ya springi moja. Springi hapa hushikwa kwa ribiti ya katikati peke yake, na kila upande wake unahudumia kengee moja. Kisu kinakuwa chembamba, unasahau kama kimo mfukoni. Lakini fikiria kengee mbili zikilala katika chumba kimoja zikitokea pande mbili: lazima zipishane. Ili zipishane, fundi hulazimika kuzipinda kidogo mashinani, moja ielekee kulia na nyingine kushoto. Ukiitazama kengee ya namna hiyo kwa juu, ikiwa wazi, utaona haiko sawa na mstari wa mpini. Wengi hudhani ni kasoro ya kiwandani. Sivyo. Kupinda huko ni kazi ya makusudi na ni kazi ngumu. Likifanywa vizuri, kengee hazikwaruzani hata ukizifungua na kuzifunga kwa miaka. Likifanywa ovyo, ndani ya mwezi mmoja utaona mkwaruzo ubavuni mwa kengee, na mara nyingine makali ya moja yataila nyingine.

Kuna dawa nyingine ambayo mafundi huitumia pamoja na kupinda: huondoa chuma kidogo kwenye mgongo wa kengee karibu na ncha, pande zote mbili, ili kengee iwe nyembamba pale inapopishana na mwenzake. Mkato huo wa mgongoni watu huuona pambo. Kumbe unatafuta nafasi.

Kengee tatu juu ya springi mbili ndio mpango unaotumika sana. Hesabu mwenyewe: tatu kwa mbili haigawanyiki, kwa hiyo lazima kengee mbili zigawane springi moja. Kisu cha kengee nne juu ya springi mbili kinagawana pande zote mbili. Hakuna ubaya katika kugawana, mradi ujue mambo mawili. Kwanza, usifungue kengee mbili zinazogawana springi moja kwa wakati mmoja, kwa sababu springi hiyo itavutwa pande zote mbili kwa pamoja na itachoka mapema. Kile kitendo cha muuzaji cha kufungua zote kwa mpigo hukidhuru kisu. Pili, kengee zilizopindwa sana zinahitaji uangalifu wakati wa kunoa, kama tutakavyoona.

Mpango ninaoupenda kuliko yote ni ule wa kisu cha kuchongea kiitwacho witla. Una kengee tatu na springi mbili, lakini mgawanyo wake ni wa akili. Upande mmoja kuna kengee kubwa moja tu, nene, ambayo msuka wake umelala juu ya springi zote mbili kwa pamoja. Upande wa pili kuna kengee mbili ndogo, kila moja juu ya springi yake. Kati ya springi kuna kabari ya bamba, nene upande wa kengee ndogo na nyembamba kuelekea kengee kubwa, kwa hiyo springi zinatengana mkiani na kukutana kichwani. Matokeo yake ni kengee kubwa iliyonyooka, isiyopindwa sana, inayogandamizwa na nguvu ya springi mbili, na kengee ndogo mbili za kazi ya upole. Ukikigeuza mgongo utaiona hiyo kabari mara moja. Muuzaji akikuambia kisu ni witla na mgongoni hakuna springi iliyogawanyika, mwambie ni kisu cha kengee tatu tu.

Uswisi walikuja na jibu lao. Karl Elsener wa Ibach, aliyefungua karakana yake mwaka 1884, alisajili kisu cha maofisa tarehe 12 Juni 1897. Alichokifanya ni kuitumia springi ileile pande zote mbili: kengee zinafunguka kwa chini, na vifaa vingine, kama kizibuo, vinafunguka kwa mgongoni, vikisukumwa na springi hiyohiyo. Ndiyo maana kile kisu chekundu kinachojulikana dunia nzima kinabeba vifaa vingi bila kuwa kinene kama tofali. Kikiwa cha kweli, kila tabaka limetengwa na bamba na kengee zake zimenyooka.

Maumbo ya kengee na kazi zake

Kengee yenye mgongo uliokatwa kwa mbonyeo kuelekea ncha huitwa klipu. Ncha yake ni kali na nyembamba, na tumbo lake limejikunja. Ndiyo kengee kubwa ya visu vingi. Inafungua gunia, inamenya, inachoma tundu. Udhaifu wake ni ileile ncha: ukiitumia kubenua kifuniko cha kopo itakatika.

Kengee ya mkuki ina ncha katikati, mgongo na makali vikikutana kwa usawa. Ni imara zaidi ya klipu kwa sababu chuma kinabaki karibu na ncha. Ikiwa ndogo huitwa kengee ya kalamu, kwani zamani Ulaya ilitumika kuchonga kalamu za manyoya.

Kengee ya kwato la kondoo ina makali yaliyonyooka kabisa, na mgongo unashuka kwa mviringo kuyafuata makali, hivyo haina ncha ya kuchoma. Kwa mtu wa chombo hii ndiyo kengee. Makali yote yanagusa kamba kwa wakati mmoja, na mashua ikiyumba ghafla hutajichoma wala hutamchoma mwenzako. Mabaharia wa nchi nyingi wamepewa kengee ya umbo hili kwa sababu hiyohiyo. Ukikata kamba ya nailoni juu ya ubao wa dau, kwato litafanya kwa mkato mmoja kazi ambayo klipu itaihangaikia.

Wharncliffe inafanana na kwato, makali yamenyooka, ila mgongo unateremka taratibu hadi kwenye ncha kali sana. Hii ni ya mchongaji. Unaiona ncha ilipo wakati wote, na nguvu ya mkono inafika moja kwa moja kwenye makali.

Spei ina makali yaliyonyooka yanayopanda ghafla mwishoni, na ncha butu. Ilibuniwa kwa wafugaji kuhasi wanyama, na ubutu wa ncha ulikuwa wa kumkinga mnyama asichomwe bahati mbaya. Huku kwetu kazi hiyo aachiwe daktari wa mifugo. Lakini spei usiidharau: kwa kupaka siagi, kukwangua gundi, na kumenya embe ngowe bila kuchoma kokwa, hakuna inayoifikia.

Mitindo na jinsi ya kuitambua

Majina ya mitindo hii mengi yametoka kwa mafundi wa Sheffield, Uingereza, na Wamarekani waliorithi na kuongeza. Solingen huko Ujerumani nao walitengeneza vingi. Mtindo unatambuliwa kwa mambo mawili: umbo la mpini, na mpangilio wa kengee. Ukijua vyote viwili huwezi kubabaishwa.

Trapa ni mpini mrefu wenye kengee mbili ndefu, klipu na spei, zikifungukia upande mmoja. Kwa kawaida ina springi mbili na bamba la kati. Ni kisu kizito, chenye nafasi ya kutosha mkononi, na mtu mwenye viganja vikubwa atakipenda.

Stokimani ndicho kisu cha kengee tatu kinachotengenezwa zaidi: klipu kubwa, kwato na spei. Mpini wake umejipinda kidogo mara mbili. Mtu akiniomba ushauri wa kisu kimoja cha kuishi nacho Lamu, na asiwe mchongaji, nitamwambia stokimani ya ukubwa wa kati. Kwato liwe la kamba na nyuzi, klipu iwe ya kazi za kawaida, spei ibaki safi kwa chakula pekee. Tabia hii ya kuitenga kengee moja kwa chakula ni njema, maana kengee iliyokata nyuzi za chambo asubuhi haifai kukata tunda mchana.

Kongresi ina mpini uliojikunja, mgongo ukiingia ndani na tumbo likitoka, na kwa kawaida kengee nne, mbili kila upande, juu ya springi mbili. Kengee zake nyingi ni fupi na zenye makali yaliyonyooka. Mafundi wa nakshi wataiona thamani yake haraka. Ukishachimba ua la mlango wa mbambakofi au msaji kwa patasi na nyundo, hubaki nyuzinyuzi ndani ya kona ambazo patasi haizifikii, na hapo kengee fupi nyembamba inafaa. Unaweza kuziacha kengee nne zikiwa na unyoofu na ukali tofauti, ukabadilisha bila kusimama kunoa. Usichimbie nayo, lakini. Kisu kisicho na kufuli kikisukumwa kwa ncha kinaweza kujifunga juu ya vidole.

Barlow inatambulika kwa noleo lake refu linalofunika karibu theluthi ya mpini. Ilikuwa kisu cha bei nafuu cha watu wa kazi, kengee moja au mbili upande mmoja, na noleo hilo lilikuwa la kuimarisha kiungo. Ni muundo wa uaminifu. Kama fedha ni chache, Barlow ya kengee mbili itakutumikia kuliko kisu cha bei hiyohiyo chenye kengee nane.

Mtindo wa mtumbwi una mpini wenye ncha mbili zilizoinuka na kengee mbili pande tofauti, ya mkuki na ya kalamu. Unapendeza kwa macho na haukwami mfukoni.

Kisu cha kambi, kile ambacho maskauti walikizoea, kina kengee ya mkuki, kifungua kopo, kifungua chupa chenye bapa la bisibisi, na msumari wa kutobolea. Mara nyingi kina pete ya kukifungia kamba. Msumari wake hutoboa ngozi na turubai vizuri, kwa hiyo anayeshona matanga au kutengeneza hatamu za punda atautumia zaidi ya kengee yenyewe.

Soma msuka

Kabla ya kuamini maneno ya mtu, soma maandishi yaliyopigwa kwenye msuka. Neno INOX au ROSTFREI maana yake chuma hakishiki kutu kwa urahisi. Kampuni ya Case ya Marekani hupiga namba zenye mpangilio: tarakimu ya kwanza ni aina ya mpini, ya pili ni idadi ya kengee, na zinazofuata ni mtindo. Kwa hiyo 6254 ni mpini wa mfupa uliochongwa mikwaruzo, kengee mbili, mtindo wa 54, yaani trapa. 6318 ni mpini wa aina ileile, kengee tatu, mtindo wa 18, yaani stokimani. Ukikuta namba inasema kengee tatu na mkononi unazo mbili, kisu kimepoteza kengee au kimeunganishwa kwa vipuri.

Chuma na chumvi

Chuma cha kaboni, kama kile cha daraja la 1095 chenye kaboni karibu asilimia 0.95, hunoleka upesi na kushika ukali wa kupendeza. Kinachokishinda ni hewa yetu. Kikiachwa usiku mmoja na maji ya bahari ndani ya kiungo, asubuhi kina madoa mekundu. Ndimu na embe hukigeuza rangi kuwa ya kijivu, na rangi hiyo usiikwangue. Ni ngozi inayokikinga kiasi dhidi ya kutu nyekundu.

Chuma chenye kromi ya kutosha, asilimia 13 hivi, kinavumilia zaidi. Lakini hakuna chuma cha kisu kisichoshika kutu kabisa. Chumvi hupenya na kuchimba vidoa vidogo vyeusi, hasa kwenye msuka ambako maji hubaki. Na hata kengee ikiwa ya chuma hicho, visu vya bei ya chini huwa na springi ya chuma cha kawaida. Kutu huanzia huko, mahali usipopaona. Kwa mvuvi, uamuzi wangu ni mmoja: chuma chenye kromi, kengee na springi, na mpini wa plastiki ngumu au alumini. Fundi anayefanya kazi ndani ya karakana, mbali na maji, anaweza kujipatia raha ya kaboni.

Mpini wa mfupa unapendeza lakini unaweza kupasuka ukilowa na kukaushwa juani mara kwa mara. Na ukinunua kisu cha zamani chenye mpini wa rangi za kung'aa zilizochanganyika, ujihadhari na seluloidi. Ikizeeka hutoa mvuke unaozila kengee, na kisu kimoja cha namna hiyo ndani ya sanduku huviharibu na vilivyo karibu nacho.

Kukagua kabla ya kulipa

Fuata utaratibu huu ukiwa palepale kwenye meza ya muuzaji, iwe ni Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, au sokoni kwenye mitumba. Usione haya. Muuzaji wa haki hatakukataza.

Funga kengee zote, ukiinue kisu kwenye mwanga. Kusiwe na mwanga unaopita kati ya springi na mabamba. Pitisha ukucha juu ya mgongo: springi, mabamba na vibao viwe sawasawa, visiparaze.

Angalia ncha za kengee zikiwa zimefungwa. Kila ncha iwe imezama ndani ya mpini. Ncha inayochungulia nje itakata mfuko, kisha paja. Kasoro hiyo fundi anaweza kuirekebisha kwa kukipunguza kisigino kwa tupa taratibu, lakini akizidisha makali yataanza kugonga springi. Ni afadhali uchague kisu kingine.

Fungua kengee moja, peke yake. Sikiliza. Springi nzuri hutoa mlio mkavu kengee ikifika mwisho, na mwendo wake ni mmoja tangu mwanzo, bila kukwama wala kulegea. Ikikulazimu kuvunja ukucha, springi ni kali mno kwa mikono iliyolowa. Ikifunguka kwa kutikiswa, iache. Kengee ikiwa wazi, angalia mgongoni: springi iwe sawa na mpini, si juu wala chini. Angalia tena katika kituo cha nusu, kama kipo, na ikiwa imefungwa. Kisu kilicho sawa katika hali zote tatu kimetoka mikononi mwa watu makini.

Shika kengee kwa vidole viwili, uisukume kulia na kushoto. Mtikisiko mdogo kwenye kisu chenye kengee nne unavumilika. Kwenye kisu cha kengee moja au mbili zilizo na springi zake, hauvumiliki.

Ifunge, fungua ya pili, rudia. Kisha tafuta mikwaruzo ubavuni mwa kila kengee, hasa zile zinazopishana. Mkwaruzo mmoja hafifu si kitu. Mfereji uliochimbwa ni kengee kula kengee.

Kunoa

Kinoo cha pande mbili, wa chembe kubwa na laini, kinatosha. Usikubali kisu chako kipelekwe kwenye grainda. Chuma kikiona moto hadi makali yakageuka buluu, ugumu wake umekwenda, na hakuna kunoa kutakakourudisha.

Noa kengee moja kwa wakati, nyingine zikiwa zimefungwa. Lowesha kinoo. Laza kengee, kisha inua mgongo wake kiasi cha nyuzi 15 hadi 20. Paka makali rangi ya maka peni, sugua mara mbili tatu, uangalie: rangi ikifutika yote hadi kwenye ukingo wenyewe, pembe ni sahihi. Ikifutika juu zaidi, umelaza mno. Ikibaki juu na kutoka kwenye ncha ya ukingo tu kama uzi, umeinua mno.

Kwato na Wharncliffe husukumwa zikiwa zimenyooka, tangu shina hadi mwisho, bila kuinua mkono. Ukiinua mkono, utayapa tumbo makali yaliyotakiwa kuwa mstari, na kwato lenye tumbo limepoteza faida yake yote. Klipu na spei hudai kinyume chake: ukifika kwenye mkunjo, inua kiwiko polepole ili makali yaendelee kugusa kinoo. Kengee iliyopindwa ina upande mmoja unaokaribia noleo. Ukinoa upande huo, tumia ukingo wa kinoo badala ya uso wote, usije ukalikwaruza noleo.

Maliza kwa kusugua kengee kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi, mara kumi kila upande. Si lazima kengee zote ziwe na ukali mmoja. Kwenye stokimani, mimi hupendelea kwato liishie kwenye upande wa chembe kubwa wa kinoo, kwa sababu kamba inakatwa vizuri na makali yenye meno madogo, na klipu iende hadi kwenye ngozi.

Kuosha na kutia mafuta

Kazi ya kupasua na kuparua samaki ipe kisu cha mpini, si cha kukunja. Magamba na damu huingia kati ya springi na huko huoza. Ikikulazimu, osha siku hiyohiyo.

Fungua kengee, mwagia maji matamu ya uvuguvugu na sabuni ndani ya mpini, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza. Piga mpini kwenye kiganja maji yatoke. Kausha kwa kitambaa, kisha ukiache kivulini mahali penye upepo, kisiwe juani. Kikikauka, dondosha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila ribiti, ufungue na kufunga mpaka yaingie. Mafuta machafu meusi yakitoka, futa, rudia. Kiungo kilichoganda kwa kutu kitie mafuta ya taa kwanza, ukiache usiku kucha, ndipo ukifungue bila kukilazimisha.

Kwenye kengee ya chakula paka mafuta ya nazi kidogo kwa kidole. Mafuta ya alizeti usiyatie ndani ya kiungo, kwani hugeuka kuwa gundi. Wakati wa masika, unyevu ukizidi, rudia kila juma hata kama kisu hakikutumika, na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi: ngozi hunywa unyevu na kuushikilia juu ya chuma.

Mambo machache ya usalama

Funga kengee kwa mikono miwili, vidole vikiwa nje ya njia yake, na uisindikize hadi mwisho. Usiiachie igonge: kisigino kitalika na makali yatajivunja juu ya springi. Ukimpa mtu kisu, mpe kikiwa kimefungwa. Mtoto anayejifunza aanze na kengee moja ya kwato yenye kituo cha nusu, akae chini, asitembee nayo ikiwa wazi.

Ukisafiri kwa ndege kutoka Manda, kisu kiingie kwenye mzigo unaokabidhiwa, si kwenye mkoba wa mkononi, hata kama kengee yake ni ya urefu wa kidole gumba. Kitie tone la mafuta kabla ya kukifunga ndani ya kitambaa kikavu.